Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Tempa za Aloi za Alumini na Jinsi ya Kuzichagua

## Herufi zinazofuata kistari, kama T6 katika 6061-T6, zinamwambia mnunuzi nini?

Jina kamili la bidhaa ya alumini lina sehemu mbili. Tarakimu nne za mwanzo hutaja aloi, yaani alumini imechanganywa na nini. Herufi na tarakimu zinazofuata kistari hutaja tempa, yaani mambo ambayo metali hiyo imefanyiwa baada ya kuyeyushwa: kama iliviringishwa, kama ilikamuliwa kupitia kalibu, kama ilipashwa moto na kuzimwa majini, na iliachwa katika hali gani ilipotoka kiwandani.

Wanunuzi wengi huisoma sehemu ya kwanza kwa makini na kuipita ya pili, ilhali ya pili inaweza kubadilisha nguvu ya metali zaidi ya mara mbili. Aloi ya 6061 ikiwa katika tempa O hukatika kwa mvuto wa takriban megapaskali 124 (megapaskali ni kipimo cha mkazo). Ikiwa T4 hufika 241. Ikiwa T6 hufika 310. Kikomo cha mnyumbuko, yaani mkazo ambao ukipitwa kipande hakirudi tena kwenye umbo lake, hupanda zaidi: kutoka takriban 55 hadi 145, kisha 276. Mchanganyiko wa metali ni ule ule katika hali zote tatu. Kwa hiyo anayeagiza "bamba la 6061 la milimita 6" na kuishia hapo amemwachia muuzaji uamuzi ambao ni wake mwenyewe.

Majibu yote yanayofuata yanaongozwa na ushauri mmoja: kabla ya kuuliza tempa ipi ina nguvu zaidi, uliza ni kazi gani metali hiyo bado itafanyiwa mikononi mwako. Je, itakunjwa, itachomelewa, itakerezwa, au itaingizwa kwenye tanuri la rangi? Hasara nyingi zinazolaumiwa kwenye aloi hutokana na mtu kununua tempa ya mwisho wakati kazi yake ndiyo kwanza inaanza.

## Tempa zimegawanywa katika makundi gani?

Makundi ya msingi ni matano, na kila moja lina herufi yake. F ni metali iliyoachwa kama ilivyotoka kwenye mashine, bila ahadi yoyote kuhusu nguvu zake. O ni metali iliyolainishwa kwa moto hadi kufikia hali yake dhaifu kuliko zote na inayokunjika kwa urahisi kuliko zote. H ni metali iliyokazwa kwa kuviringishwa au kuvutwa ikiwa baridi. W ni hali ya mpito ya aloi iliyopashwa moto na kuzimwa ambayo bado inaendelea kubadilika. T ni metali iliyokazwa kwa moto hadi ikatulia.

Mfumo huu unafuatwa Marekani kwa kiwango cha ANSI H35.1 na Ulaya kwa kiwango cha EN 515. Ndiyo maana T6 iliyoandikwa kwenye mzigo kutoka Uturuki husomwa kama ile iliyoandikwa kwenye mzigo kutoka Uchina.

## Kwa nini aloi nyingine huwa na T na nyingine huwa na H?

Kwa sababu si kila aloi inakubali kukazwa kwa moto. Familia za 1000, 3000 na 5000, yaani alumini karibu safi, alumini yenye manganizi na alumini yenye magnesi, hukazwa kwa kufanyiwa kazi zikiwa baridi tu. Ukizipasha moto hulainika, na hakuna tanuri litakalozirudishia ugumu. Familia za 2000, 6000 na 7000, zenye shaba, magnesi pamoja na silikoni, au zinki, ndizo zinazokazwa kwa moto. Mtu akikuuzia "5052-T6" au "3003-T6", jina lenyewe limekwisha kukwambia kwamba hajui anachouza.

Namna moto unavyokaza aloi inafaa kueleweka, kwa kuwa karibu kila onyo katika ukurasa huu linatokana nayo. Sukari nyingi huyeyuka kwenye chai moto na hutuama chai inapopoa. Magnesi na silikoni nazo huyeyuka ndani ya alumini ikiwa na joto kali, ingawa alumini yenyewe bado ni ngumu, na hutaka kujitenga inapopoa. Kwa 6061 joto hilo ni karibu nyuzi 530 za Selsiasi. Kipande kikitumbukizwa majini ghafla, viambato hivyo hunaswa mahali vilipo kabla ya kupata nafasi ya kujitenga. Baadaye, kwa joto la kawaida au la tanuri dogo, hujikusanya polepole katika chembe ndogo mno zilizotawanyika kila mahali. Chembe hizo huzuia tabaka za atomu zisiteleze juu ya nyingine, na huko kuzuiwa kuteleza ndiko tunakokuita ugumu.

Jambo hili lilionekana kwa mara ya kwanza mwaka 1906, pale mtaalamu wa metali wa Kijerumani Alfred Wilm alipogundua kwamba aloi yake yenye shaba na magnesi, baada ya kuzimwa na kuachwa tu kwa siku chache, ilikuwa ngumu kuliko alipoipima mara ya kwanza. Kutokana na ugunduzi huo ilizaliwa duralumini, iliyoanza kutengenezwa mjini Düren. Sababu yenyewe haikujulikana hadi mwaka 1938, ambapo André Guinier na George Preston, kila mmoja kwa kazi yake, walizionyesha chembe hizo kwa miali ya eksirei.

Chembe hizo zikipata joto kupita kiasi hukua, hupungua idadi, na metali hulegea. Ukikumbuka hilo, utaelewa kwa nini kuchomelea, kupasha kwa gesi na kukosea muda wa tanuri vyote huharibu T6 kwa njia moja.

## T4, T5 na T6 zinatofautiana vipi?

T4 imepashwa joto la kuyeyusha viambato, imezimwa, kisha imeachwa ikomae yenyewe kwa joto la kawaida. Ina nguvu ya wastani na bado inakunjika vizuri. T6 imepitia hatua hizo za kupashwa na kuzimwa, halafu imekomazwa kwenye tanuri; kwa 6061 huwa ni karibu nyuzi 175 kwa muda wa saa 8 hivi. Ina nguvu za juu, lakini uwezo wake wa kukunjika umepungua sana.

T5 hupitia njia ya mkato. Profaili, yaani kipande kirefu kilichokamuliwa kupitia kalibu, hutoka ikiwa na joto la nyuzi 500 na zaidi, hupozwa papo hapo kwa feni, kisha huingizwa kwenye tanuri la kukomazia bila kurudishwa tena kwenye joto kali. Njia hii ni nafuu na hunyoosha profaili nyembamba bila kuzipinda, lakini kwa kawaida haifiki nguvu za T6. Kwa profaili za familia ya 6000 viwango huruhusu pia kuita T6 bidhaa iliyozimwa pale pale kwenye mashine ya kukamulia, mradi upozaji uwe wa haraka vya kutosha na vipimo vya nguvu vifikiwe. Kwa hiyo jina T6 kwenye profaili linapaswa kuchukuliwa kama ahadi ya vipimo, na ahadi hiyo hudaiwa kwa cheti.

Tempa nyingine za T utakutana nazo mara chache. T3 na T8 zimevutwa zikiwa baridi baada ya kuzimwa, na tofauti yao ni kwamba T3 hukomaa yenyewe ilhali T8 hukomazwa kwa tanuri. T7 imekomazwa kupita kilele kwa makusudi. T1 ni profaili iliyopozwa kutoka kwenye mashine na kuachwa ikomae yenyewe.

## Kwa madirisha na milango ya alumini, nichukue T5 au T6?

Profaili nyingi za madirisha zinazouzwa Dar es Salaam, Nairobi, Mombasa na Kampala ni za aloi ya 6063, na kwa fremu za kawaida za nyumba T5 inatosha. Viwango vya chini vya Kimarekani kwa 6063-T5 yenye kuta nyembamba ni megapaskali 150 za kukatika na 110 za kikomo cha mnyumbuko. Kwa 6063-T6 ni 205 na 170. T6 ina nafasi yake kwenye vizuizi vya roshani, ngazi, nguzo za vioo vinavyofunika ukuta mzima na mahali pengine ambapo mtu ataegemea au upepo utasukuma kwa nguvu.

Hata hivyo, fundi anayeambiwa na mteja kwamba dirisha lake pana linapinda upepo ukivuma asikimbilie T6. Kupinda huko hutegemea ukakamavu, na ukakamavu wa alumini ni takriban gigapaskali 70 katika tempa zote, kutoka O laini kabisa hadi T6. T6 itabeba mzigo mkubwa zaidi kabla ya kupinda moja kwa moja, lakini chini ya upepo ule ule itanepa kwa kiasi kile kile. Dawa ni profaili yenye kina kirefu zaidi, au ukuta mnene zaidi, au nguzo ya katikati. Jambo hili huwagharimu watu fedha nyingi, na linastahili kuelezwa kwa mteja kabla hajalipia tempa isiyomsaidia.

Tatizo kubwa zaidi la soko letu ni profaili zinazoitwa T5 ambazo hazikukomazwa ipasavyo. Zinatambulika kwa koleo la Webster, kifaa cha mkono kinachobana ukuta wa profaili na kuchomeka sindano ndogo. Chagua sehemu bapa, kwangua rangi hadi metali ionekane, kwa sababu rangi hupunguza usomaji, kisha bana hadi mwisho na usome mshale. Rudia sehemu tatu au nne za urefu wa profaili, zikiwemo ncha zote mbili, kwa kuwa tanuri lisilosambaza joto vizuri huacha upande mmoja laini. Kiwango cha Kichina cha profaili za majengo, GB/T 5237, kinataka 6063-T5 isome 8 au zaidi. Profaili inayosoma 4 au 5 ilipita tanurini haraka mno, au haikupita kabisa, na skrubu zitalegea kwenye matundu yake.

## Nikitaka kukunja, nichague tempa gani?

Kwa kukunja, chagua tempa laini kadiri kazi inavyoruhusu, kisha uikaze baadaye ikiwa aloi inakubali. Bamba la 6061-T6 likikunjwa kwenye kona kali hupasuka upande wa nje wa mkunjo. Kwanza ngozi hukwaruzika kama ganda la chungwa, kisha mstari mwembamba hutokea sambamba na mkunjo, na mara nyingi bamba hukatika kabla ya kufika nyuzi 90. Fundi hulaumu mashine au bamba, na wote wawili hawana kosa. Anayelazimika kukunja T6 aongeze nusu kipenyo cha ndani hadi angalau mara tatu ya unene, ajaribu kwanza kipande cha taka, na mstari wa mkunjo aukatishe mwelekeo wa kuviringishwa kwa bamba badala ya kuuweka sambamba nao.

Kwa masanduku, matangi madogo, vifuniko vya mashine na viungo vya magari, chaguo bora mara nyingi si familia ya 6000 kabisa. Bamba la 5052-H32 hukunjika vizuri, huchomeleka vizuri, na kikomo chake cha mnyumbuko ni karibu megapaskali 193, ambacho si kidogo.

Kwa matao ya madirisha na milango, agiza profaili ikiwa T4 au T1, ikunje, kisha ipeleke kwenye tanuri la kukomazia. Mtu asiyekuwa na tanuri karibu naye akubali kwamba tao lake litabaki na nguvu za T4, na apange unene kwa hesabu hiyo.

## Tarakimu za H husomwaje?

Tarakimu ya kwanza husema njia iliyotumika: H1 imekazwa kwa baridi tu, H2 imekazwa kupita kiasi kisha ikalainishwa kidogo, H3 imekazwa kisha ikatulizwa kwa joto dogo, jambo linalohitajiwa na aloi za magnesi ambazo vinginevyo hulegea polepole zikiwa stoo, H4 imekazwa kisha ikapakwa rangi ya kuokwa. Tarakimu ya pili husema kiwango cha ugumu: 2 ni robo, 4 ni nusu, 6 ni robo tatu, 8 ni ugumu kamili, na 9 ni zaidi ya huo.

Hivyo H14 ni nusu ngumu na H18 ni ngumu kamili. Nyaya nyingi za umeme zinazopita juu ya nguzo ni za aloi ya 1350 katika tempa H19, ambayo imevutwa hadi ugumu wa juu ili ibebe uzito wake kati ya nguzo na nguzo, huku ikiendelea kupitisha umeme kwa takriban asilimia 61 ya uwezo wa shaba ya kipimo. Mwili wa kopo la soda nao huanza kama bamba la H19.

## Kwa nini sufuria hutengenezwa kwa alumini laini?

Duara la alumini linalogeuzwa kuwa sufuria, liwe linasukumwa kwa mashine ya kiwandani au linalazwa juu ya kalibu inayozunguka, hupitia mabadiliko makubwa sana ya umbo. Kwa hiyo huanza likiwa O, kwa kawaida la familia ya 1000 au aloi ya 3003. Kadiri linavyosukumwa ndivyo linavyojikaza lenyewe, na sufuria iliyokamilika huwa tayari imepata ugumu ambao duara halikuwa nao. Anayenunua duara la H14 kwa kudhani litatoa sufuria imara zaidi huliona likichanika kwenye ukingo kabla ukuta haujasimama.

Sufuria zinazomiminwa kwa alumini ya vyuma chakavu haziingii katika hesabu hii, kwani hazikuviringishwa wala kuvutwa, na ubora wake hutegemea usafi wa kilichoyeyushwa.

## Nikichomelea 6061-T6, kiungo kitabaki na nguvu za T6?

Hapana. Hili ndilo swali ambalo jibu lake likipuuzwa huleta ajali, kwa hiyo tulieleze kwa urefu. Joto la kuchomelea huipitisha metali iliyo kando ya kiungo kwenye joto la kulainika, na chembe zilizokuwa zikiikaza hukua au kuyeyuka. Kwa hesabu za usanifu, ukanda wa takriban milimita 25 kila upande wa kiungo huchukuliwa kuwa umedhoofika. Kiwango cha chini cha kukatika cha 6061-T6 hushuka kutoka megapaskali 290 hadi 165, na kikomo cha mnyumbuko hushuka kutoka 240 hadi karibu 105. Ustadi wa mchomeleaji hauzuii jambo hili, ingawa anayechelewesha moto mahali pamoja huupanua ukanda huo na kuushusha zaidi.

Njia za kukabiliana nalo ni chache na zote ni za halali. Unaweza kuweka kiungo mbali na mahali penye mkazo mkubwa, kwa mfano kutochomelea katikati ya boriti bali karibu na mhimili. Unaweza kuongeza unene mahali pa kiungo. Unaweza kuchomelea ikiwa T4 na kukomaza kazi nzima baadaye, jambo linalorudisha sehemu ya nguvu. Unaweza pia kurudia mzunguko mzima wa kupasha, kuzima na kukomaza, kama viwanda vya fremu za baiskeli za 6061 vinavyofanya, lakini hilo linahitaji tanuri kubwa na vishikio vya kuzuia fremu isipinde inapozimwa. Waya wa kujazia kiungo wa aloi ya 4043 au 5356 hutumika kwa kawaida. Kama kazi itarudishwa kwenye mzunguko kamili wa moto, 5356 haifai, kwa kuwa yenyewe haikazwi kwa moto.

Kwa kazi iliyojaa viungo, kama tela, tangi au mwili wa boti, ni busara zaidi kuhama familia. 5083-H116 ina kiwango cha chini cha kukatika cha megapaskali 305, na ikichomelewa hurudi karibu na hali ya O, ambayo ni 275. Imepoteza kidogo tu. Mhandisi anayechagua 6061-T6 kwa sababu jedwali linaionyesha ikiwa na nguvu, kisha akaichomelea kila mahali, amelipia nguvu ambazo moto utazifuta siku ya kwanza.

## Kwa matumizi ya baharini, tempa ina umuhimu gani?

Ina umuhimu mkubwa, hasa kwa aloi zenye magnesi zaidi ya asilimia 3. Zikikaa muda mrefu kwenye joto la nyuzi 65 na zaidi, magnesi hujitenga polepole na kujipanga kwenye mipaka ya punje za metali. Maji ya chumvi huila mipaka hiyo, bamba huchubuka kwa tabaka au hupata nyufa. Meli za kivita za Marekani za daraja la Ticonderoga, ambazo sehemu yake ya juu imejengwa kwa aloi ya 5456, zilipata nyufa nyingi za namna hii.

Kwa sababu hiyo bamba la bahari huagizwa likiwa H116 au H321, tempa ambazo kiwanda hulazimika kuzipima dhidi ya kuchubuka na kuliwa kwenye mipaka ya punje kabla ya kuziuza. Kiwango cha ASTM B928 kiliandikwa kwa ajili ya mabamba hayo. H32 ya kawaida inaweza kuwa na nguvu zinazokaribiana nazo, lakini haina ahadi hiyo. Boti za kasi zinazovusha abiria kati ya Dar es Salaam na Unguja ni za alumini, na yeyote anayekarabati chombo cha namna hiyo adai neno H116 au H321 kwenye cheti. Sehemu za karibu na injini na mabomba ya moshi zikingwe joto, au zijengwe kwa aloi yenye magnesi kidogo, kama 5454.

## T651 ni nini, na kwa nini wakerezaji huisisitiza?

Kipande kinapozimwa majini, ngozi yake hupoa kabla ya kiini, na mikazo hubaki ndani ikivutana. Ukichonga upande mmoja, usawa huvunjika na kipande hupinda mezani. Tarakimu 51 baada ya T6 husema kwamba bamba lilivutwa kwa asilimia 1.5 hadi 3 baada ya kuzimwa ili kuondoa mikazo hiyo. Kwa kazi ya kuchonga mashimo makubwa au kuacha kuta nyembamba, tofauti ya bei hulipwa na kipande kimoja tu kisichotupwa. T6511 ni hali hiyo hiyo kwa profaili na fito zilizoruhusiwa kunyooshwa kidogo baadaye.

Katika kukereza, tempa ngumu ndiyo rahisi. Alumini ya O hunata kwenye ncha ya kifaa na kuacha uso uliochanika, ilhali T6 hukatika safi.

## Je, 7075-T6 ndiyo bora kwa kuwa ina nguvu kuliko zote?

Ina nguvu za kuvutia, karibu megapaskali 572 za kukatika, lakini mabamba yake manene hupata nyufa kwa urahisi yakiwa chini ya mkazo wa kudumu katika unyevu, hasa mkazo unaopita katika unene. T73, ambayo ni aina ya T7, hupoteza zaidi ya asilimia 10 ya nguvu na kuondoa sehemu kubwa ya hatari hiyo. Kwa sehemu za ndege zinazobeba mzigo miaka mingi, wabunifu huikubali hasara hiyo. Aidha, 7075 haichomeleki kwa njia za kawaida, na asikushawishi mtu kujaribu.

## Joto la rangi ya unga, jiko au gesi linaweza kubadilisha tempa?

Tanuri la rangi ya unga hufanya kazi kwa nyuzi 180 hadi 200 kwa dakika 10 hadi 20. Kwa 6063-T5 na T6 muda huo ni mfupi mno kuleta madhara ya maana. T4 huongezeka ugumu, na viwanda vya magari hutegemea jambo hilo kwa mabamba ya mwili yanayokunjwa yakiwa laini na kukazwa na tanuri la rangi. Kurudia rangi mara nyingi, au kusahau kazi tanurini usiku kucha, ni habari nyingine.

Gesi ndiyo ya kuogopwa. Rimu nyingi za alumini za magari humiminwa kwa aloi ya A356 na kukazwa hadi T6, ambapo hukomazwa kwa nyuzi 155 hivi. Fundi wa barabarani anayeipasha rimu iliyopinda kwa mwali wa gesi ili ainyooshe hupita joto hilo kwa mbali ndani ya dakika moja. Rimu hutoka duara, inang'aa baada ya kupigwa msasa, na imekuwa laini mahali pale pale ilipogongwa mara ya kwanza. Kwa macho haionekani. Rimu iliyopashwa hadi ikalainika isirudishwe kwenye gari la abiria.

## Mchoro wa zamani unasema HE30TF. Ninunue nini?

Huo ni mfumo wa zamani wa Uingereza, na bado unaonekana kwenye michoro ya mashine na majengo ya Afrika Mashariki. HE9 ni 6063, HE20 ni 6061, na HE30 ni 6082. Herufi za mwisho ndizo tempa: TB ni T4, TE ni T5, TF ni T6, na M ni sawa na F. Kwa hiyo HE30TF ni 6082-T6, ambayo hupatikana kwa urahisi kwa wauzaji wa bidhaa za Ulaya. Ikikosekana, 6061-T6 huikaribia sana kwa kazi nyingi, lakini aliyesanifu kazi yenye mzigo aulizwe kwanza.

## Agizo liandikweje, na mzigo upokewe vipi?

Andika aloi, tempa, kiwango, umbo na vipimo katika mstari mmoja, kwa mfano: "Bamba, 5083-H116, ASTM B928, unene milimita 6, upana 1500, urefu 6000, pamoja na cheti cha kiwanda." Cheti kionyeshe mchanganyiko wa kemikali na matokeo ya vipimo vya kuvuta vya mzigo huo huo, na namba ya mzigo iliyo kwenye cheti ilingane na iliyopigwa chapa juu ya bamba. Cheti kinachotaja aloi bila matokeo ya kuvuta hakithibitishi tempa, maana uchambuzi wa kemikali wa 6061-O na wa 6061-T6 hautofautiani hata kidogo.

Baada ya kukata, hamishia alama kwenye kipande kinachobaki stoo kwa kalamu isiyofutika. Kipande kisicho na alama kipimwe ugumu kabla ya kutumika, na kisichoweza kupimwa kitumike mahali pasipobeba mzigo.